Doa Lililokaa Chini

Hazijapita wiki tatu tangu nirudishe funguo za maabara, na tayari vijana wawili wamenifuata nyumbani Utemini kuniuliza jambo lilelile. Juu ya kabati la maabara kuna chupa pana ya kioo, ya kuwekea pipi dukani, mfuniko wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa ya kazi gani, na je, waitupe? Niliwaambia wasiitupe, wakaondoka hawajaridhika. Basi nimeona niwaandikie ninyi mliobaki maabara, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na mimi siku hizi nina muda kuliko shughuli. Habari za vyeo sitazitia humu. Aliyepanda cheo anajijua.

Niliingia maabara ya hospitali yetu miaka michache baada ya Uhuru, kijana wa Ilongero mwenye cheti cha darasa la nane na shati moja jeupe. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Elia, Mnyiramba mrefu, mkavu, ambaye wagonjwa walidhani ana hasira, na sisi tuliofanya naye kazi tulikuwa na hakika. Siku ya kwanza alinipa brashi na beseni la mirija ya kioo. Nilidhani ni kazi ya asubuhi hiyo tu. Niliosha mirija wiki tatu. Kila jioni aliinua mmoja mmoja kwenye mwanga, akaunusa, na ule ambao hakuupenda aliurudisha kwenye beseni bila kusema neno. Wiki ya nne akaniambia, "Sasa unaweza kugusa hadubini. Lakini usiigeuze geuze, si redio."

Kazi nyingi ilikuwa malaria, minyoo, kichocho na makohozi. Mkojo nao tuliupima sukari kwa dawa ya buluu ambayo wengi wenu mmeikuta mkaiacha. Unatia matone manane ya mkojo kwenye dawa, unachemsha. Ikibaki buluu, hakuna kitu. Ikiwa kijani, kidogo. Njano, zaidi. Ikifika rangi ya tofali, mgonjwa anaitwa na daktari. Ni kipimo kizuri, rahisi, na kinaonekana kwa macho. Ubaya wake ni kwamba kinaonekana kwa macho hata na mtu asiyejua anachokiona, na kwa miaka kadhaa mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa ile chupa. Bwana Elia aliwahi kupelekwa Kampala kwa masomo ya miezi kadhaa, akarudi na ufundi mmoja ambao hakuna aliyemtuma kuuleta. Ulikuwa wa kutenganisha vitu vinavyofanana ndani ya mkojo au damu kwa kutumia karatasi ya kuchujia na mchanganyiko wa maji, asidi ya siki na aina moja ya spiriti nzito iitwayo butanoli. Unachora mstari kwa penseli karibu na ukingo wa chini wa karatasi. Juu ya mstari unaweka kitone cha mkojo, kidogo kama kichwa cha pini, unakausha, unaweka kingine palepale, unakausha, hata mara kumi na mbili. Halafu unaitundika karatasi ndani ya chupa, ukingo wake ukigusa mchanganyiko huo, unafunga mfuniko na unaondoka. Mchanganyiko hupanda taratibu kwenye karatasi na kubeba vile vilivyomo kwenye kitone. Kila kimoja husimama mahali pake.

Nilimwuliza kwa nini visipande pamoja. Akanijibu kwamba karatasi, hata ikionekana kavu, imeshika maji ndani ya nyuzi zake. Kitu kinachopenda spiriti hupanda nayo haraka. Kinachopenda maji kila mara hung'ang'ania kwenye karatasi na kubaki nyuma. Sukari zote hupenda maji mno, kwa hiyo zote hukaa chini, zimebanana, na ujuzi wote uko katika kuzipa nafasi zitengane. Nasikia Dar es Salaam sasa kuna mashine zenye pampu na mirija ya chuma, zinazofanya kwa dakika kazi tuliyoifanya kwa siku nzima. Kijana aliyeziona ananiambia kwamba hata huko wapenda maji wanasumbua, wanapita moja kwa moja bila kushikwa, mpaka watafutiwe mrija wenye kupenda maji kama wao. Nilifurahi kusikia hivyo, sitaficha.

Karatasi zangu za kwanza zilikuwa aibu. Badala ya madoa ya duara nilipata mikia mirefu, kama konokono amepita. Nilibadilisha spiriti, nikabadilisha karatasi, nikamlaumu aliyetuuzia. Bwana Elia aliniacha nihangaike siku nne, kisha akauliza maji nimeyatoa wapi. Nikasema kisimani. Akachovya kidole, akaniwekea mbele ya mdomo. Nyie mnayajua maji ya huku kwetu, ukipikia chai huna haja ya kuiharibu kwa kitu kingine. Chumvi ndiyo iliyokuwa inaburuta madoa yangu. Kuanzia siku hiyo nilikinga maji ya mvua kwenye bati la wodi ya watoto, na kiangazi niliomba famasi maji yao ya dawa za macho, waliyonipimia kama dhahabu.

Vitu vya kulinganishia tulivipata papa hapa. Sukari ya damu, yaani glukosi, tuliichukua kwenye chupa ya dripu. Asali ya Singida ilitupa madoa mawili, moja limefifia, na iliyobaki tuliila na mkate. Sukari ya maziwa, laktosi, tuliipata kwa kugandisha maziwa ya ng'ombe na kuchukua yale maji ya juu. Mwishoni karatasi ilipuliziwa dawa, halafu ikapashwa moto ili madoa yatokee, na kwa kuwa oveni ilikuwa imekufa, tulitumia pasi ya mkaa tuliyoiazima kwa dobi wa hospitali. Dobi alilalamika kwamba pasi yake inanuka siki, na mashuka pia. Alikuwa na haki.

Ufundi huu wote ulikuwa kama mchezo wa wazee wawili wenye nafasi, ingawa mimi sikuwa mzee na nafasi hatukuwa nayo. Madaktari walikuja na kuondoka, hakuna aliyeuomba. Mpaka alipolazwa Paulina.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji. Paulina alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu kutoka kijiji kimoja kipya mbele ya Ilongero. Alianguka akipalilia shamba la kijiji la uwele, balozi wa nyumba kumi akampakia kwenye lori, akaletwa kwetu Jumatatu akiwa na homa. Nilitazama damu yake nikakuta malaria. Alianza dawa, na jambo lingeishia hapo. Lakini daktari wetu wakati huo alikuwa kijana aliyetoka masomoni karibuni, mwenye bidii, na aliagiza kila aliyelazwa apimwe mkojo. Jumanne nikapima. Dawa ikageuka njano.

Niliandika kwenye fomu: sukari. Sikuandika "njano". Sikuandika kwamba dawa imebadilika rangi. Niliandika sukari, nikatia sahihi.

Daktari akamkataza ugali. Akamkataza uji, asali, viazi na maziwa yenye sukari, akamwachia mboga, yai na nyama pale ilipopatikana. Jumatano nikapima tena, ikawa rangi ya chungwa. Alhamisi ikawa tofali. Mwanamke hali chakula na sukari inapanda. Daktari aliona hakuna njia nyingine, akaagiza insulini kutoka Dodoma, na tukaambiwa ingefika na gari la Jumamosi. Angeanza sindano siku hiyohiyo. Dawa za kupima sukari ndani ya damu yenyewe zilikuwa zimekwisha tangu mwezi uliopita, kwa hiyo kila alichojua daktari kuhusu ugonjwa wa Paulina kilikuwa neno langu moja, limeandikwa mara tatu.

Alhamisi mchana Bwana Elia alirudi kutoka likizo kwao Kinampanda. Alipitia daftari kama kawaida yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Huyu nani kasema ana sukari?"

"Dawa imesema, Bwana Elia. Leo imekuwa tofali kabisa."

"Dawa imesema rangi. Kuna kitu kimeibadilisha. Kitu gani?"

"Sukari."

"Ipi?"

Akaniuliza kama mgonjwa ana kiu, kama anakojoa sana, kama amekonda. Nilikimbia wodini kuuliza. Muuguzi akasema hana kiu, hakojoi kuliko wengine, na kukonda ameanza juzi, tangu alipokatazwa ugali.

"Ananyonyesha?" Bwana Elia akauliza niliporudi.

Nilikuwa na kadi mkononi. Karani wa mapokezi alikuwa ameandika: watoto wawili, wote wamefariki. Nikamsomea. Akasema tujaribu kwa hamira, maana glukosi hamira huila ikatoa povu na sukari ya maziwa haiigusi. Hamira ya dukani ilikuwa imekufa, haikutoa povu hata kwenye dripu. Mimi kwa ujanja nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akipika pombe ya mtama nyuma ya soko, nikaomba machicha. Yalitoa povu kwenye mkojo. Yalitoa povu kwenye dripu. Yalitoa povu kwenye maji matupu, na yangeendelea hadi leo kama nisingeyamwaga.

"Weka karatasi," akasema Bwana Elia.

Ijumaa nilifika alfajiri. Niliweka vitone vitatu kwenye mstari: dripu kushoto, maji ya maziwa kulia, mkojo wa Paulina katikati. Saa moja asubuhi karatasi ilikuwa ndani ya chupa. Siku hiyo upepo ulivuma kama unavyovuma kwetu kiangazi, madirisha yakipiga kelele, na nililazimika kuzungushia chupa blanketi ili baridi na joto visipishane ndani. Niliendelea na makohozi yangu. Kila nusu saa nilikwenda kutazama mstari wa unyevu ulipofika, jambo ambalo halisaidii kitu. Nilikuwa na hofu, tena si ya heshima. Sehemu moja ya moyo wangu ilitaka doa lisimame upande wa dripu, ili ionekane sikukosea. Hilo sikumwambia Bwana Elia, na nadhani hakuhitaji kuambiwa.

Saa kumi jioni tuliitoa, tukaikausha, tukapuliza dawa, nikashika pasi juu yake bila kuigusa. Doa la dripu lilitokea kwanza, kahawia. Kisha, chini yake, karibu kabisa na mstari wa penseli, doa la maziwa. La katikati lilichelewa. Lilipotokea lilikuwa chini, limelingana na la maziwa, na juu yake, pale ambapo glukosi ingesimama, karatasi ilikuwa nyeupe.

Bwana Elia aliweka rula, ingawa haikuhitajika.

"Huyu ananyonyesha," akasema.

"Kadi inasema hana mtoto."

"Kadi ameandika karani. Haya ni maziwa. Tena yamejaa, hayana wa kuyanyonya, yanarudi kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Ndiyo maana kila siku rangi inazidi. Wewe ni Mnyaturu, si mimi. Nenda kazungumze naye."

Nilielewa alichomaanisha, na nilipoelewa nilijisikia vibaya sana. Kwetu mwanamke aliyezika watoto wawili mfululizo, akipata wa tatu, hamtaji. Hamtangazi, hampi jina mbele za watu, hamwandikishi popote, mpaka aone amekua na kifo kimempita. Ukimwuliza ana watoto wangapi atakwambia hana, na mtu mwenye adabu hamwulizi mara ya pili. Mama yangu mzazi alifanya hivyo kwa dada yangu. Nililijua jambo hilo tangu utoto, na nilikuwa nimesoma kwenye kadi "wawili, wamefariki" nikapita kama ninasoma namba ya kitanda. Karani alikuwa mtu wa pwani, angejuaje. Mimi nilijua.

Paulina alikuwa kitanda cha mwisho, kifua amekifunga kwa khanga mbili zilizokazwa sana. Nilichuchumaa, nikamsalimu kwa Kinyaturu na kuendelea kwa lugha hiyo, polepole, ili kitanda cha pili wasisikie.

"Dada, huna ugonjwa wa sukari. Nimeona maziwa kwenye mkojo wako."

Alivuta khanga akaikaza zaidi. Nikamwambia mara ya pili.

"Nani amekuambia?" akasema.

"Hakuna aliyeniambia. Nimepima."

Alitazama ukutani, akasema, "Wale wawili niliwapeleka kliniki. Waliandikwa, walipimwa uzito, walibatizwa. Usimtaje huyu."

"Simtaji. Yuko na nani?"

"Mama mkwe."

"Anakula nini?"

"Ya ng'ombe, labda. Hajazoea. Siku tano, kaka. Nakamua chooni nikimwaga. Sijui kama namkamulia aliyepo."

"Kwa nini hukusema, ukaenda?"

"Mlisema nina ugonjwa, nikiondoka nitakufa. Nikifa naye atakufa. Nikasema basi ngoja nipone."

Ni mimi niliyesema. Sikumwambia hivyo, lakini ninawaambia ninyi.

Kwa daktari mambo hayakuwa mepesi. Alitazama karatasi kwa heshima, maana alikuwa mtu msomi, kisha akauliza swali ambalo msomi yeyote angeuliza: mtoto yuko wapi? Nikasema sina ruhusa ya kumtaja. Akasema hawezi kufuta tiba kwa sababu ya mtoto asiye kwenye kadi. Akapendekeza tusubiri Jumatatu, turudie, na insulini waanze kidogo kidogo kesho kwa tahadhari.

Bwana Elia hakuwahi kubishana na daktari mbele yangu kabla ya siku hiyo, na hakubishana hata siku hiyo. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Daktari, sindano hiyo hushusha glukosi. Nionyeshe hapa glukosi ya kushusha iko wapi."

Akaweka kidole juu ya mahali peupe, hakukiondoa. Daktari alitazama kidole kile muda mrefu. Alichukua rula mwenyewe, akapima dripu, akapima maziwa, akapima lile la katikati. Akapima tena. Halafu akachukua kalamu, akafuta insulini, akafuta amri ya chakula, akaandika: aruhusiwe leo, kwa ombi lake. Hakuuliza tena habari za mtoto. Nimefanya kazi na madaktari wengi tangu wakati huo, na yule kijana bado namheshimu kwa kalamu ile.

Paulina alikula bakuli mbili za uji wa uwele amesimama. Lori la kijiji lilikuwa sokoni likipakia mbegu za alizeti, wifi yake, aliyekuja mjini na lori hilo, akaenda kulizuia. Aliondoka bila kuaga mtu, na hakuna aliyemlaumu.

Baada ya hapo hatukupata habari. Kuuliza kungekuwa kumtaja, na nilikuwa nimeahidi. Watu wa kijiji kile walikuja kwangu kupima malaria na minyoo, nikawauliza mvua, nikawauliza mazao, nikaishia hapo. Siku tano kwa mtoto wa miezi michache si jambo dogo, na maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa tunajua yanafanya nini. Usingizi haukunipotea, siwezi kusema uongo, lakini kwa muda mrefu kila nilipochemsha dawa ya buluu nilipiga hesabu ile. Nikaacha kuandika neno sukari kwenye fomu. Niliandika rangi, na kama mgonjwa ni mwanamke nilikwenda wodini mwenyewe kuzungumza naye kabla ya kutia sahihi. Madaktari wengine waliniona mzito. Ninyi pia mmewahi kunilalamikia kwa hilo, na sasa mmejua asili yake.

Zilipita mvua mbili. Siku moja ya mnada niliitwa dirishani. Palikuwa na mwanamke amesimama, amenenepa kidogo, na nilimjua aliposema. Hakusalimia kwa kirefu.

"Kaka, kadi yangu bado ipo?"

Kadi za zamani zilikuwa kwenye stoo ya mapokezi. Nilitafuta karibu saa nzima, nikaipata, nikairudisha dirishani. Akaniomba nimsomee pale penye habari za watoto, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Nikasoma: wawili, wote wamefariki.

"Ongeza," akasema. "Watatu. Mmoja yupo."

Nikachukua kalamu. Nikamwuliza jina niandike nani, na nilimwuliza kwa sauti ya chini, kwa mazoea. Yeye hakushusha sauti. Watu wa foleni walimsikia.

"Andika Ntandu."

Nikaandika.

"Nisomee ulichoandika."

Nikasoma: watoto watatu, wawili wamefariki, mmoja yupo, Ntandu. Chini ya dirisha, mahali nilipokuwa sijatazama, mtoto aliyeshika khanga ya mama yake aliposikia jina aliinua uso kuona ni nani anamwita.